Mdogo wangu ameahidiwa klabu Ulaya: mchezaji wa kikapu anayehama nchi hadi nchi anaishi vipi?

Swali: "Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 22, urefu wake ni mita 1.96, na anacheza ligi ya Dar es Salaam. Kuna mtu anayejiita wakala amemwandikia kwa WhatsApp kwamba klabu moja ya Ulaya inamtaka, ila kwanza alipe dola 700 za kufungua faili. Nyumbani tumegawanyika: mama anaona ni bahati, mimi naogopa. Naomba unieleze, mchezaji wa kulipwa anayehama nchi hadi nchi anaishi vipi hasa, na mdogo wangu ajiandae na nini?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na hizo dola 700 kwa kuwa ndizo zenye haraka. Asilipe. Wakala anayehamisha wachezaji kati ya nchi na nchi anatakiwa awe na leseni ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti ya shirikisho hilo, ambako mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyatafuta. Wakala wa kweli hula kamisheni, ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 10 ya mshahara wa msimu, na katika klabu nyingi za Ulaya anayeilipa ni klabu yenyewe. Kwa hiyo wakala hapati kitu mpaka mchezaji awe amepata kazi. Anayedai fedha kabla ya mkataba, aziite ada ya faili, ya viza au ya majaribio, anaishi kwa fedha za vijana ambao hawatapata klabu. Mdogo wako amwombe mtu huyo namba ya leseni, jina la klabu, na rasimu ya mkataba iliyoandikwa na klabu hiyo. Akikosa hata kimoja, mazungumzo yaishie hapo.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, ambalo lina uzito kuliko huyo mtu wa WhatsApp. Wapo wachezaji wengi sana duniani wanaokula kwa kikapu bila kujulikana nje ya mji wanaouchezea: msimu huu Finland, msimu ujao Lebanon, unaofuata Mexico. Ukitaka kuyaelewa maisha yao, shika kwanza jambo moja ambalo sisi tulio nyumbani hatulifikirii: klabu ya nje humwajiri mgeni ili ajaze nafasi ya mgeni, na nafasi hizo zimewekewa idadi na kanuni za ligi. Katika ligi kuu ya Ujerumani, kikosi cha mechi cha wachezaji 12 hakiruhusiwi kuwa na wageni zaidi ya sita. Nchini Japani, kuanzia msimu wa 2020/21, klabu za daraja la kwanza zilisajili wageni watatu, na wawili tu ndio walioruhusiwa kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Nchini Ufilipino, katika ligi ya PBA, kwa kawaida kila timu hupewa mgeni mmoja tu, tena kwa baadhi ya mashindano ya mwaka; katika yale ya Philippine Cup hakuna mgeni kabisa.

Karibu kila ugumu wa maisha ya mchezaji huyu unatokana na hesabu hiyo. Kijana mwenyeji akicheza vibaya kwa mwezi mzima, kocha humweka benchi na kumsubiri, maana ni mtoto wa mji, analipwa kidogo na hamzuii mtu mwingine kusajiliwa. Mgeni akicheza vibaya kwa mwezi, amekalia kiti ambacho mwingine angeweza kukitumia. Meneja wa klabu ana simu za mawakala kumi wenye orodha ya wachezaji walio tayari kupanda ndege kesho. Ndiyo maana mgeni hutakiwa afunge pointi nyingi au achukue rebaundi (mipira inayokosa kikapu na kurudi) nyingi kuliko wenzake tangu wiki ya kwanza, akiwa bado hajajua hata jina la mtaa anaoishi, na ndiyo maana mikataba yao ni ya msimu mmoja, ya miezi mitatu, na wakati mwingine ya mwezi mmoja wa kumshikia nafasi aliyeumia.

Hesabu hiyohiyo inayomtoa mmoja ndiyo inayomwingiza mwingine. Mwaka 2016 klabu ya Barangay Ginebra ya Manila ilikuwa na mgeni aitwaye Paul Harris, na alipoumia nafasi yake ikajazwa haraka na Mmarekani Justin Brownlee, mchezaji aliyekuwa amezunguka ligi ya maendeleo ya Marekani na klabu nyingine bila kupata makao. Oktoba mwaka huohuo, katika fainali dhidi ya Meralco, Brownlee alirusha mpira wa pointi tatu sekunde za mwisho na kuipa Ginebra ubingwa iliokuwa imeukosa tangu 2008. Alirudi mwaka baada ya mwaka, Januari 2023 akapewa uraia wa Ufilipino kwa sheria maalumu, na Oktoba mwaka huo akaiongoza timu ya taifa ya nchi hiyo kutwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Hangzhou. Nakueleza kisa hiki ili uone kwamba mlango wa mchezaji wa aina hii hufunguka ghafla, mara nyingi kwa sababu ya goti au kidole cha mtu mwingine, na anayefaidika ni yule ambaye mwili wake na nyaraka zake viko tayari siku simu inapolia.

Mfano wa karibu zaidi na nyumbani ni Hasheem Thabeet. Kila Mtanzania anajua kwamba mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Wasilolifuatilia wengi ni kilichofuata. Februari 2010, akiwa bado katika msimu wake wa kwanza, alipelekwa Dakota katika ligi ya maendeleo, kisha akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya 2014 akarudi ligi ya maendeleo akiwa na timu ya Grand Rapids. Mwaka 2017 alisajiliwa na Yokohama B-Corsairs ya Japani. Baadaye akarejea Marekani kuchezea Fort Wayne, na mwaka 2020 akaenda Taiwan kuchezea klabu ya Hsinchu. Vijiweni utasikia watu wakisema kwamba alishindwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyeanza kucheza mchezo huu akiwa kijana mkubwa Dar es Salaam, ambaye zaidi ya miaka 10 baada ya uteuzi ule bado kulikuwa na klabu ughaibuni iliyokuwa tayari kumlipa ili asimame chini ya kikapu, amefanya kazi ngumu ambayo wengi waliochaguliwa pamoja naye hawakuifikisha huko. Urefu wake wa mita 2.21 ulimpa kile ambacho klabu za Asia zinakihitaji kwenye nafasi ya mgeni, yaani mtu wa kuziba njia ya kikapu, na mdogo wako, ambaye hana urefu huo, lazima ajiulize yeye anauza nini.

Hapa naomba niwe mkweli, ingawa najua haitapendeza. Mita 1.96 ni urefu wa kuheshimika Upanga ya Dar au Nyayo ya Nairobi, lakini ughaibuni ni urefu wa kawaida kabisa wa mchezaji wa pembeni, na mchezaji wa pembeni wa kigeni hushindana na Wamarekani waliomaliza vyuo vikuu ambao ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Asiende kusema kwamba anajua kila kitu kidogo kidogo. Klabu humnunua mtu kwa jambo moja analolifanya vizuri kuliko wenyeji: anayemzuia mfungaji bora wa wapinzani usiku mzima, au anayetia pointi tatu kwa kiwango kinachowalazimisha walinzi wamfuate hadi nje. Kama bado hana jambo hilo, mwaka wa kulitafuta ni huu, akiwa nyumbani ambako kula na kulala hakumgharimu.

Kuna kitu kimoja anacho ambacho Mmarekani hana, nacho ni pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilitia saini mkataba mjini Cotonou, Benin, uliokuwa na kifungu cha kutowabagua wafanyakazi wa nchi hizo walioajiriwa kihalali Ulaya. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya, katika shauri la mchezaji wa mpira wa mikono wa Slovakia aitwaye Kolpak, iliamua kwamba kifungu cha namna hiyo kinawahusu pia wanamichezo. Tangu hapo ligi kadhaa, hasa za Hispania na Ufaransa, zimekuwa zikimhesabu mchezaji mwenye pasipoti ya Cotonou tofauti na mgeni wa kutoka Marekani, kiasi kwamba baadhi ya Wamarekani wametafuta uraia wa nchi za Afrika kwa sababu hiyo. Mkataba wa Cotonou sasa umerithiwa na mkataba wa Samoa uliotiwa saini Novemba 2023, na kila ligi hurekebisha kanuni zake karibu kila mwaka, kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni hili: msimu huu, katika ligi hii, Mtanzania anahesabiwa kundi gani? Wakala asiyeweza kulijibu hafai kumwakilisha Mtanzania.

Tukifika kwenye mkataba, nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona vijana wengi wakiumia. Mkataba wa mgeni Ulaya huwa na mshahara unaoandikwa kuwa ni wa mkononi, yaani klabu inabeba kodi. Nyumba yenye samani. Tiketi za ndege za kwenda na kurudi. Bima ya matibabu. Na mara nyingine gari, ambalo katika miji midogo huwa la wachezaji wawili kwa pamoja. Haya yote ni mazuri, lakini soma vipengele vyenye maneno makavu. Kipo kinachosema mkataba hautakuwa na nguvu mpaka mchezaji apimwe afya ndani ya saa 48 au 72 baada ya kufika. Kipimo chenyewe ni haki ya klabu. Hatari ni pale kinapoongezwa maneno kwamba kocha naye ataridhika kwanza na kiwango, kwa sababu hapo mdogo wako hana mkataba, ana majaribio tu, na akikataliwa yuko peke yake katika mji wa watu. Kipo pia kinachosema klabu inaweza kumwacha wakati wowote kwa kumlipa mwezi mmoja. Mshahara mdogo uliohakikishwa hadi mwisho wa msimu una thamani kuliko mkubwa wenye kipengele hicho.

Kipengele ninachokitafuta kwanza kila ninapofungua mkataba ni cha malipo yanayochelewa. Kilichoandikwa vizuri husomeka hivi: malipo yakichelewa kwa zaidi ya siku 15, mchezaji hatalazimika kufanya mazoezi wala kucheza, yakichelewa kwa zaidi ya siku 30, mchezaji anaweza kuvunja mkataba, na klabu itadaiwa mshahara wote uliobaki. Kuchelewesha mishahara ni ugonjwa wa klabu nyingi ndogo, kwa kuwa fedha zao hutoka kwa mfadhili mmoja au halmashauri ya mji, na timu ikianza kufungwa mfadhili naye hupunguza mkono. Chini ya kipengele hicho liwepo tamko kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwenye Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu, ambayo FIBA iliianzisha mwaka 2007 na ambayo makao yake ni Geneva. Shauri huamuliwa na msuluhishi mmoja, kwa Kiingereza, mara nyingi kwa nyaraka tu bila pande mbili kusafiri, na uamuzi hutolewa kwa kuangalia haki na uungwana bila kuchimba sheria za nchi fulani. Klabu isiyolipa baada ya hukumu inaweza kufungiwa na FIBA isisajili wachezaji wapya, na hilo huziuma klabu kuliko barua za mawakili. Bila tamko hilo, mdogo wako atatakiwa akafungue kesi katika mahakama ya mji wa klabu, kwa lugha asiyoijua, dhidi ya watu wanaojuana na kila mtu.

Hesabu ya fedha nayo ifanywe mapema. Katika madaraja ya juu ya nchi kubwa, mgeni hulipwa fedha nzuri. Katika madaraja ya tatu na ya nne, ambako kijana asiye na jina huanzia, hupewa euro mia kadhaa kwa mwezi, chumba na mlo, na hutakiwa kufundisha watoto wa klabu mchana kabla ya mazoezi yake ya jioni. Hata ligi ya maendeleo ya NBA, ambayo vijana wetu huiona kama mlango wa mbinguni, imekuwa ikilipa takriban dola 40,000 kwa msimu mzima. Tena msimu wa Ulaya ni wa Septemba hadi Aprili au Mei, na mshahara hukoma pamoja nao. Wanaojua kuishi huunganisha ligi mbili kwa mwaka, kwa mfano msimu wa Ulaya kisha New Zealand au Puerto Rico, ambako ligi huchezwa katikati ya mwaka, ingawa mwili unaochezeshwa miezi 11 una bei yake.

Nawe dada, na mama, mna sehemu yenu katika hesabu hii. Kijana akishapanda ndege, mtaa mzima huamini kwamba ametajirika. Ada za shule za watoto wa ndugu, msiba, paa la nyumba ya babu, vyote hupelekwa kwake, naye huona aibu kusema kwamba mshahara wa Novemba haujaingia hadi Januari. Kaeni kikao kabla hajaondoka, mpange kiasi kimoja cha kutuma nyumbani kwa mwezi na mtu mmoja wa kukipokea, na kinachobaki kiwe akiba yake isiyoguswa, kwa sababu kazi hii kwa walio wengi huisha katikati ya miaka ya thelathini na goti likipasuka huisha kabla. Kuhusu goti hilo, mkataba useme wazi kwamba akiumia kazini mshahara unaendelea na klabu inalipia upasuaji pamoja na mazoezi ya kurejea, na asikubali kurudishwa nyumbani kwa matibabu kabla maandishi hayo hayajatekelezwa.

Maisha yenyewe ya kila siku yana upweke ambao picha za Instagram hazionyeshi. Hebu mfikirie katika mji wa watu elfu ishirini, Januari, jua linatua saa kumi jioni. Asubuhi alifanya mazoezi ya kupiga kikapu, mchana amelala, jioni kuna mazoezi ya timu ambayo kocha huyaendesha kwa lugha ya wenyeji na mwenzake mmoja humtafsiria nusunusu. Usiku anapika wali, anapiga simu nyumbani, huku mmeshalala. Ijumaa basi linasafiri saa sita kwenda kwenye mechi na saa sita kurudi. Wanaodumu ni wale wanaojifunza lugha mapema, hata maneno mia mbili ya uwanjani na dukani, wakatafuta kanisa au msikiti, na wakajulikana na watu wa klabu kwa majina. Hilo pia ni la kazi: meneja anayepanga kikosi cha msimu ujao humrudisha mgeni aliyeishi vizuri na watu, endapo takwimu zake zinakaribiana na za mwingine.

Taratibu za karatasi zisimpite. FIBA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa hali maalumu, ila kwake hilo halina tabu. Anachohitaji ni barua ya kumwachia kutoka shirikisho letu la kikapu kwenda shirikisho la nchi anayokwenda, na sababu ya kuinyima ni moja, kwamba bado ana mkataba na klabu ya hapa. Kwa hiyo aondoke kwa amani na kwa maandishi. Viza iwe ya kazi. Viza ya matembezi ya Schengen humpa siku 90 ndani ya siku 180 na haimpi ruhusa ya kuajiriwa, na klabu inayomwambia aingie nayo kwanza kisha "tutarekebisha" inamhamishia yeye hatari yote.

Kama angekuwa mdogo wangu, nisingemwanzisha Ulaya. Ligi ya Afrika ya BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ilianza kwa kanuni kwamba kila timu iwe na wenyeji wasiopungua tisa na wageni wasiozidi wanne, na kati ya hao wanne wasiotoka Afrika wasizidi wawili. Hebu iangalie kanuni hiyo kwa macho ya mdogo wako: klabu ya Kigali inayotaka kujaza wageni wanne inalazimika kutafuta Waafrika wa nchi nyingine, naye ni mmoja wao, anazungumza lugha inayoeleweka huko, na nauli ya kwenda kumwangalia si ya kuuza kiwanja. Klabu za Rwanda kama APR, REG na Patriots zimezoea kuajiri wageni, na Nairobi City Thunder ilipofuzu BAL ya msimu wa 2025, ikiwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko, nchi yetu ilipata jirani mwingine mwenye sababu ya kutazama wachezaji wa kanda hii.

Timu ya taifa nayo ni soko. Tangu Novemba 2017 FIBA huweka madirisha ya mechi za timu za taifa katikati ya msimu, na mawakala huzitazama. Tylor Okari Ongwae wa Kenya alikuwa akicheza Denmark, lakini walio wengi walilijua jina lake Februari 2021 alipofunga kikapu cha mwisho kilichoifunga Angola 74 kwa 73 mjini Yaoundé. Mdogo wako aanze kurekodi mechi zake, nzima, kuanzia mpira wa kurusha hadi filimbi ya mwisho, pamoja na zile alizocheza vibaya. Vipande vya madanki vya dakika mbili kila mtu anavyo. Kocha anayetaka kujaza nafasi ya mgeni huomba mechi tatu kamili, atazame anavyorudi kukaba akiwa amechoka katika robo ya nne, na mwenye kuzituma siku hiyohiyo ndiye anayepigiwa simu ya pili.